Nyapara wa Vumbi

Kabla ya kujibu salamu ya mtu, alitazama juu. Ungemwamkia kwa Kisukuma "Mwangaluka" mlangoni mwa kinu cha pamba, naye macho yake yangekuwa kwenye boriti za chuma zinazobeba paa, akizifuata moja baada ya nyingine kama mchungaji anayetafuta ng'ombe wake katikati ya kundi la jirani. Akimaliza ndipo angekuitikia. Wageni walidhani ana majivuno. Alikuwa nayo kweli, ila si kwa sababu hiyo.

Kwenye karatasi za ofisi alikuwa msimamizi wa zamu. Nyapara lilikuwa jina la utani walilompa wafagiaji, na alilipenda kuliko cheo chake. Mimi niliajiriwa pale kwa mkataba wa msimu, afisa afya na usalama, nikiwa na shahada ya afya ya mazingira na tabia ya kuuliza "kwa nini" ambayo mama yangu anasema itanikosesha mume. Siku ya kwanza Nyapara aliniuliza nimekuja kulinda nini. Nikamjibu kwamba nimekuja kulinda wafanyakazi. Akanitazama viatu, akaniita mayu, yaani mama, akasema, "Basi mayu, anza kwa kuangalia kitu usichokikanyaga."

Alimaanisha vumbi la juu. Pamba ikiingia kinuni inakuja na mbegu zake, majani makavu na mchanga wa shambani. Mashine zinang'oa nyuzi kutoka kwenye mbegu; nyuzi zinafungwa marobota, mbegu zinakamuliwa mafuta, na makapi yake yanasagwa kuwa mashudu ya ng'ombe. Kila hatua inatoa vumbi. Feni kubwa ilitakiwa kulifyonza vumbi hilo na kulisukuma nje kwa mabomba ya bati. Feni yetu ilikuwa inazunguka kwa kujionyesha tu. Madirisha nayo yalifungwa siku zote, kwa sababu majirani walilalamika kwamba nguo wanazoanika zinaota manyoya. Basi vumbi lilibaki ndani na sisi. Lilipanda na joto la mashine, likatua kwenye boriti, kwenye taa, juu ya masanduku ya umeme, mahali popote ambapo mkono wa mtu mfupi haufiki.

Alikuwa na namna yake ya kupima. Alipanda ngazi, akachora ng'ombe kwa kidole ubavuni mwa boriti, akashuka, akasimama chini. Kama pembe za ng'ombe zingeonekana kutoka chini, wafagiaji wangeitwa. Nilimwambia hicho si kipimo, kwamba inategemea macho ya mtu na mwanga wa siku. Nikapanda na rula. Akaniuliza rula yangu imesema nini. Nikamwambia imesema ni jingi kupita kiasi. "Na ng'ombe wangu amesema nini?" akauliza, na wafagiaji wakacheka mpaka wakaegemea mafagio.

Sitaki mtu asome hapa hadithi ya mzee asiyekwenda shule aliyejua yote. Nimezichoka hadithi hizo. Nyapara alijua mambo mengi na alikosea mengi, na makosa yake aliyatetea kwa sauti ileile aliyotetea ukweli. Aliamini gunia lililoloweshwa likiwekwa mlangoni linazuia moto kutoka nje, kana kwamba moto ni mbuzi. Aliamini vumbi huwa kali zaidi mchana upepo ukitoka upande wa ziwa. Nilipomwambia mabomba ya bati yafungwe waya wa kwenda ardhini, kwa sababu nyuzi zikisuguana zinazaa umeme, alisema umeme unatoka kwenye nguzo na mwenye nguzo anajulikana. Alipekua mifuko ya watu akitafuta viberiti, akamfukuza dereva wa lori kwa sigara aliyoiweka sikioni hata hajaiwasha. Lakini simu yake aliichaji kwenye waya uliochubuka, juu ya sanduku la umeme, katikati ya chumba cha kufungia marobota. Nilimwonyesha. Akasema hiyo ni simu ya kazi.

Aliyemweza alikuwa Mama Kulwa, mkubwa wa wafagiaji, mwanamke mnene wa sauti nzito ambaye alikuwa amefagia kinu kile tangu watoto wake pacha wakiwa mgongoni. Wengine walimwogopa Nyapara; yeye alimwita sungusungu wa vumbi, kama wale walinzi wa jadi wa vijijini. Akimwona anapekua watu angenyoosha mikono juu kabla hajafikiwa na kusema, "Nipekue vizuri, Nyapara, leo nimeficha bahari." Naye Nyapara, ambaye hakucheka na mtu, angegeuka ukutani ili mabega yake tu ndiyo yaonekane yakitikisika.

Maneno yake niliyabeba wakati ule kwa ubishi, na sasa nayabeba kwa sababu sina pa kuyatua. Alisema moto wa kinu una miguu miwili: wa kwanza unakuja kubisha hodi, wa pili ndio wenye nyumba. Nilipomuuliza ana maana gani, alinieleza jambo ambalo mimi nililisoma darasani kwa lugha nyingine. Cheche ndogo ikishika vumbi kidogo linaloelea, inatoa mshindo mdogo. Mshindo ule unatikisa paa. Paa likitikisika, vumbi lote lililolala juu ya boriti msimu mzima linaanguka kwa pamoja, na hapo tayari kuna moto unaolingoja. Kwenye hilo tulikubaliana. Nadhani ni kitu pekee tulichokubaliana bila kugombana kwanza.

Kikubwa tulichogombania ni upepo. Yeye alikuwa fundi wa usafi wa haraka. Mwisho wa zamu aliwasha kompresa, akachukua mpira wa upepo na kupuliza boriti, mashine, kuta, mpaka kinu kizima kikawa cheupe kama ukungu wa asubuhi ya masika. Vumbi likitua sakafuni, wafagiaji walilizoa. Alijivunia kazi hiyo. Vinu vingine, alisema, wanafagia kama wanapaka mafuta. Nilimwambia anachofanya ni kulichukua vumbi linalolala na kuliamsha, kulichanganya na hewa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, huku mashine zikiwa bado za moto. Nikamwambia lifagiliwe taratibu kwa brashi laini, kuanzia juu kwenda chini, mashine zikiwa zimezimwa, au zinunuliwe mashine za kufyonza. Akasema chuo kimenifundisha uvivu.

Basi nikamwita nyuma ya ghala, mahali pa wazi, mchana, pamoja na Mama Kulwa. Nilikuwa na kopo, mshumaa na vumbi la mashudu lililokauka vizuri. Kwanza nilimwaga vumbi juu ya mwali wa mshumaa kama kilima. Mshumaa ulizimika, likabaki linafuka. Nyapara akatabasamu. Kisha niliwasha tena, nikaweka vumbi kidogo tu kwenye bomba la plastiki, nikasimama mbali na kulipuliza kuelekea mwalini. Likawaka lote mara moja, mwali mkubwa kuliko kopo, ukatoweka kabla hatujarudi nyuma. Mama Kulwa alijishika nyusi kuhakikisha zipo.

Nyapara aliomba nirudie. Nikarudia. Akaliokota kopo, akalinusa, akaenda nalo. Kesho yake mpira wa upepo haukuwepo mahali pake. Alikuwa ameufungia kabatini na ufunguo ameuvaa shingoni kama rozari. Hakuniambia kwamba nilikuwa sahihi. Aliwaambia wafagiaji kwamba yeye ameamua. Mama Kulwa alimuuliza mbele ya wote ameamua lini, kabla ya kopo au baada ya kopo. Akasema kwenye utawala hakuna kabla wala baada.

Nikiwaza sasa, naona ule ndio ulikuwa wakati wetu mzuri. Kwa majuma kadhaa kinu kilifagiwa kutoka juu. Nilikagua kila chumba, nikaweka alama nyekundu palipo na vumbi zito karibu na kitu cha moto: beringi, mota, mahali mashine inapopiga jiwe. Tulimpelekea meneja mapendekezo. Feni itengenezwe, mtego wa mawe uwekwe pamba inapoingilia, mabomba yafunguliwe na kusafishwa ndani. Meneja, mtu mstaarabu wa kuzungumza polepole, alishukuru. Alisema msimu ukiisha. Nilimuuliza kwa nini msimu uishe kwanza, wakati hatari iko ndani ya msimu. Akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto akiuliza jua linalala wapi.

Habari ya mawe inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo aibu ya kwetu. Wakulima wengine huweka mchanga, maji, hata mawe ndani ya pamba ili gunia liwe zito mzanini. Kila mtu anajua, kila mtu analaani, na kila mtu ana shemeji anayefanya hivyo. Jiwe likipita mzanini bila kuonekana linafika kwenye meno ya mashine, na meno yakiligonga linatoa cheche. Nyapara alikuwa mtu wa Lalago, na ndugu zake walilima pamba, au buluba, kama anavyoiita mkulima wa kwetu. Alikwenda vijijini mwao mwenyewe siku za mapumziko kuwasihi. Aliniambia alisimama mbele ya kaka zake akawaambia, jiwe mnalolifunga humu linakuja kunipiga mimi. Walimpa mtindi, wakamwitikia kwa heshima zote. Msimu ulipofunguliwa, mawe yalikuja kama kawaida. "Sasa mayu," aliniambia, "nikamshtaki kaka yangu? Kwa bei ile anayopewa?" Nilimwambia ndiyo, amshtaki. Nilikuwa na jibu la kila kitu siku hizo.

Kwa hiyo moto mdogo ulikuwa jambo la kawaida. Jiwe linagonga, cheche inaruka, pamba inashika, mtu anavuta swichi kuu, wanauzima kwa magunia mabichi, kazi inaendelea. Kinga yetu yote ilikuwa mkono wa mtu anayevuta swichi, na mtu huyo alikuwa Nyapara.

Aliwahi kuivuta bila moto. Alisikia beringi inalia, akaishika kwa kiganja, akaona inaunguza, akazima kinu kizima huku lori zimepanga foleni mpaka barabarani. Fundi alipofungua, alikuta kweli imeanza kubadilika rangi. Lakini mwenye kinu alikuwa amekuja siku hiyo. Jioni wafanyakazi wote walikusanywa uani, na Nyapara, mtu mwenye wajukuu, akaamriwa asimame mbele aombe radhi kwa kusimamisha uzalishaji bila idhini. Aliomba. Nilimwona akitafuta pa kuweka mikono. Tangu siku hiyo swichi ikawa na mwenyewe: kuizima kunahitaji meneja aitikie kwa kichwa kupitia dirisha la kioo la ofisi yake. Nilipinga kwa maandishi. Nilijibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa.

Halafu wakaja wanunuzi wa nje kukagua marobota.

Asubuhi ile meneja alitaka kinu king'ae, na alitaka mashine zionekane zikifanya kazi. Mambo mawili hayo hayakai pamoja. Brashi zilikuwa za polepole. Akamwagiza Nyapara atoe mpira wa upepo. Nilikuwepo. Nilimwambia meneja kwamba mashine zikiwa zinazunguka haipaswi kupulizwa hata kona moja, nikamtajia kopo, nikamtajia paa. Alisema niende nikawapokee wageni getini kwa kuwa najua Kiingereza. Nyapara alisimama na ufunguo shingoni. Alinitazama mimi, akamtazama meneja, kisha akauvua.

Nilikuwa nimesimama na wageni mbele ya mlango mkubwa, bado nje. Ndani kulikuwa kweupe. Mama Kulwa, ndiye aliyepewa mpira, alikuwa juu ya ngazi upande wa mbali, karibu na mashine za kufungia marobota, anapuliza boriti na kuimba. Nyapara alikuwa kando ya swichi. Nikasikia jiwe, ukishakaa kinuni unaijua sauti yake. Nikaona cheche, kisha mwali mdogo kwenye mdomo wa mashine, wa kawaida kabisa, wa kuzimwa na gunia moja. Nikamwona Nyapara ameshika mpini wa swichi. Hakuuvuta. Uso wake ulikuwa umegeukia dirisha la kioo, anamngoja meneja, na meneja alikuwa ameinama anatafuta koti.

Haukuwa mlipuko kama wa kwenye sinema. Kilichosikika kilikuwa pumzi, kama mtu mkubwa sana amevuta hewa, na ukungu wote ukawa wa rangi ya chungwa. Mabati yakatikisika. Kutoka boriti za upande wa pili, ambazo zilikuwa hazijafikiwa na upepo, vumbi likaanza kushuka kama pazia, polepole, na wote tuliosimama pale mlangoni tuliliona linashuka, na likafika chini likiwa moto.

Walio karibu na mlango walitoka. Nyapara alitoka akiwa ameungua mikono yote. Mama Kulwa alitolewa baadaye akiwa hai, akafikishwa hospitali, akaongea na pacha wake, akafa.

Uchunguzi ulisema jiwe. Mkulima mmoja akatafutwa, hakupatikana, ikawa wakulima wote kwa jumla. Mitaani walisema mwenye kinu ametoa kafara ili apate utajiri, na kwamba Mama Kulwa alichaguliwa kwa sababu ya mapacha. Nilibishana na watu hao kwenye bodaboda, kanisani, msibani. Nilichora kwenye mchanga: vumbi, hewa, cheche, kuta, paa. Walinisikiliza, halafu mmoja akauliza, sasa kwa nini siku ile na si siku nyingine? Nyapara, mikono imefungwa bandeji, alikuwa ameketi nasi. Alisema, "Jiwe limeshtakiwa. Shetani ameshtakiwa. Vumbi halikuitwa hata kutoa ushahidi." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo kwamba hata yeye hakuitwa, na kwamba alikuwa amejiandaa kusema alichokifanya. Aliachishwa kazi kimyakimya. Mkataba wangu haukuongezwa, nami sikuuliza kwa nini, mara yangu ya kwanza.

Nilimwona tena mwaka huu. Nafanya kazi za kuhojihoji kaya kwa ajili ya mradi mmoja, nikapangiwa Lalago, nikaulizia kwake. Nilimkuta kwenye zizi, anafunga lango kwa viganja kwa kuwa vidole havikunji tena. Alinipokea kwa furaha, akanitolea kigoda, akamwita binti yake wa mwisho alete maji. Mvua ilikuwa imekatika mapema. Pamba shambani ilikuwa imesimama fupi, imeduwaa. Tulizungumza habari za watu. Aliniuliza kama nimeolewa, nikamwambia bado, akasema nipunguze maswali.

Kisha akaniambia kinu kimefunguliwa tena. Nilikuwa nimesikia. Kimepakwa rangi, meneja ni yuleyule. Aliniuliza kuhusu feni. Nikamwambia karani wa ajira pale bado ni rafiki yangu, na anavyosema, haijaguswa.

Akasema, "Karani huyo, una namba yake?"

Nikamwambia ninayo.

"Wanachukua wafagiaji. Huyu binti amemaliza kidato cha nne, hakufanikiwa. Mpigie."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza kama ni kinu kilekile. Akasema kuna kinu gani kingine. Nikamwambia, mzee, wewe? Wewe unayejua? Hakukasirika. Alinitazama kama alivyotazama boriti.

"Mayu, najua itakavyoungua. Sijui watakula nini. Sasa niambie wewe uliyesoma, katika hayo mawili ni lipi la kwanza?"

Nilikuwa na jibu la kila kitu siku zile. Akamwita binti, akamweka mbele yetu, akaanza kumfundisha. Ukiingia, kabla hujasalimia mtu, tazama mlango uko wapi. Usikubali kupewa ngazi ya upande wa mbali. Ukisikia jiwe, usigeuke kutazama, toka, watakucheka, toka. Wakileta mpira wa upepo, sema unaumwa. Msichana alisikiliza kwa adabu, mikono nyuma, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda Bariadi.

"Na wale walio mbali na mlango, baba?" akauliza.

Baba yake alishughulika na lango la zizi, ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Nikatoa simu. Nilisema ndani ya moyo wangu kwamba nitampigia ili nimwambie asimchukue. Karani alipokea kwa furaha, tukasalimiana, akaniuliza ninataka nini, na nikamweleza kuna binti, mchapakazi, anatoka familia nzuri. Sijui sentensi ile nyingine ilikwenda wapi. Akasema nafasi ipo, aje Jumatatu, aje na kitambaa chake cha kufunga pua.

"Ila niambie kitu kimoja," akasema. "Ni mrefu? Kuna boriti kule juu hazijafagiwa tangu tufungue."

Nilimtazama binti. Alikuwa amempita baba yake kwa kichwa kizima, na alikuwa akinitazama mdomoni, anangoja.

"Ni mrefu," nikasema.